Kuzalisha kamba wadogo wa maji baridi nyumbani: mwongozo kamili kwa aliyejaribu wakamfia

Mambo huenda hivi karibu kila mara. Mtu ananunua kamba kumi wekundu na kuwatia kwenye tangi alilolijaza maji jana yake. Wiki ya kwanza wamechangamka, wiki ya tatu wamebaki wanne, mwezi ukiisha hakuna hata mmoja. Mwingine anabahatika kidogo: majike wanabeba mayai, mayai yanatoweka, na vifaranga hawaonekani.

Chakula na ugonjwa hulaumiwa sana, lakini mara nyingi havihusiki. Chanzo huwa kimoja kati ya vitatu: tangi bichi (ambalo bado halijaota bakteria wa kusafisha maji), maji yanayobadilishwa ovyo, au sumu iliyoingia bila mtu kujua. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili ya hayo matatu.

## Kamba gani

Anza na Neocaridina davidi, yule mwekundu aitwaye cheri. Jike mzima hufika sentimita 3, dume ni mdogo kidogo. Huzaa kwenye maji yasiyo na chumvi, na kifaranga huanguliwa akiwa kamba kamili wa milimita 2 hivi, bila kupitia hatua ya lava anayeelea.

Hapo ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kamba wa Amano, Caridina multidentata, naye hubeba mayai kwenye tangi la kawaida, lakini lava wake hawakui bila maji ya chumvi. Utasubiri mpaka uchoke. Wale wa mistari myekundu na myeupe, wanaouzwa kwa jina la Caridina cantonensis, wanataka maji laini (yenye madini machache) na yenye asidi kidogo. Waache mpaka uwe mzoefu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutajie jina la kisayansi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangi la kioo la sm 60 × 30 × 30 (lita 54 likijaa, kama 45 ukishaweka changarawe). Chini ya lita 20 joto na madini huyumba haraka mno kwa anayejifunza.
- Pampu ya hewa, chujio la sponji, na vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu.
- Pampu ya akiba ya kuchaji, kwa ajili ya umeme ukikatika.
- Kipimajoto. Nyanda za juu ongeza hita ya wati 50, pwani ongeza feni ndogo.
- Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati, pH (asidi ya maji), GH (ugumu wa maji) na KH (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), pamoja na kipima TDS (jumla ya madini na chumvi zilizoyeyuka majini).
- Dawa ya kuondoa klorini.
- Changarawe laini au mchanga mkubwa wa mto, kilo 7 hivi.
- Mosi ya Java (mmea mdogo wa majini wenye nyuzi nyuzi), viganja viwili vilivyojaa.
- Majani makavu ya mti wa mkungu (Terminalia catappa) yaliyodondoka yenyewe, ya kahawia.
- Ndoo mbili mpya zisizowahi kuona sabuni, na mpira wa hewa mita 2.
- Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.1, kama utatumia maji ya mvua.

Kamba hawamo kwenye orodha hii. Watanunuliwa baada ya wiki sita au zaidi.

## Hatua ya 1: Tengeneza maji

Vipimo vya kulenga ni hivi: joto nyuzi 22 hadi 26, pH 6.5 hadi 7.8, GH 6 hadi 10, KH 2 hadi 6, TDS 150 hadi 300. Amonia na nitriti ziwe 0, nitrati isizidi 20.

GH ndiyo inayopuuzwa sana. Ni kipimo cha kalsiamu na magnesiamu, na kamba hujenga gamba lake kwa madini hayo. Yakipungua, gamba jipya halikazi. Yakizidi, la zamani halipasuki vizuri. Kote kuwili kamba hufa akiwa anajivua.

Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka mabwawa ya milima ya Aberdare, huwa laini na hudai kuongezewa madini. Visima vingi vya Dar es Salaam na pwani ni kinyume chake: maji yana chumvi, na kipima TDS kinaweza kupita 1,000. Maji hayo hayafai yakiwa peke yake, na kuyachemsha hakuondoi chumvi. Tumia maji ya mvua.

Mvua usiikinge kwenye bati jipya wala lililopakwa rangi karibuni, na acha dakika 20 za kwanza zioshe paa. Kisha, kwa kila lita 20:

- jasi safi ya chakula (salfeti ya kalsiamu), gramu 3
- chumvi ya Epsom ya duka la dawa, gramu 1.8
- soda ya kuokea, gramu 1.2

Utapata GH ya 7 na KH ya 2 hivi. Jasi huyeyuka polepole, kwa hiyo pitisha hewa ndani ya ndoo usiku kucha kisha upime. Jasi ya kupiga dari usiiguse, ina viungo vingine ndani yake. Magadi nayo hayachukui nafasi ya soda ya kuokea, yatapandisha pH kupita kiasi.

Kama bomba lako lina maji yanayofaa, weka dawa ya kuondoa klorini kila mara. Kuyalaza maji kwenye ndoo wazi siku moja au mbili huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hubaki.

## Hatua ya 2: Panga tangi

Liweke mbali na jiko na mbali na jua la dirishani. Chumba ambacho watu hupuliza dawa ya mbu kila jioni nacho hakifai. Sababu nitaieleza chini.

Osha changarawe kwa maji matupu mpaka yatoke meupe. Chukua chache, zidondoshee siki. Zikitoa povu zina chokaa na zitaendelea kupandisha GH na pH, tafuta nyingine. Tandaza unene wa sentimita 2 hadi 3.

Funga chujio la sponji. Chujio la mota lina nguvu kubwa na litawameza vifaranga. Ukilazimika kulitumia, funika mdomo wake kwa sponji yenye matundu madogo. Pampu ikae juu ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwa mpira mpaka ndani ya mota.

Mosi ndiyo chumba cha kulelea. Ifunge kwenye jiwe au kipande cha mti kwa uzi, na nyingine iache ichanue huru. Weka majani mawili ya mkungu yaliyochemshwa dakika 5 ili yazame. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi. Hilo ni jambo jema, na jani linapooza huota utando ambao vifaranga huula mchana na usiku.

Mimea ya dukani ilaze siku saba kwenye ndoo, ukimwaga na kubadilisha maji kila siku. Huweza kuja na mabaki ya dawa za wadudu, na huweza kuja na lava wa kereng'ende, ambaye mmoja tu atawamaliza kamba wako kimyakimya.

## Hatua ya 3: Ivisha tangi (wiki 4 hadi 6, kisha 2 zaidi)

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua.

Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kamba huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaji na maji ya bomba. Huota taratibu kwenye sponji na changarawe.

Washa chujio, weka joto nyuzi 25 hadi 27, na kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki. Pima kila baada ya siku tatu. Amonia itapanda kwanza, kisha nitriti, kisha zote zitashuka na nitrati kuanza kuonekana. Usibadilishe maji, na sponji usiioshe.

Utajua limeiva hivi: tia chakula kama kawaida, na vipimo vya kesho yake na keshokutwa vyote vinasoma amonia 0 na nitriti 0. Hapo badilisha nusu ya maji ili nitrati ishuke.

Halafu ngoja wiki mbili nyingine, taa ikiwaka saa 6 hadi 8 kwa siku. Wengi hukasirika hapa, kwa sababu vipimo vimeshakuwa vizuri. Lakini vipimo haviwapi vifaranga chakula. Kioo kinapaswa kuwa na ukungu mwepesi wa kijani, na jiwe ukiligusa liteleze. Ule utelezi ndio chakula chenyewe. Usisugue kioo cha nyuma wala cha pembeni. Safisha cha mbele tu, ili uone.

## Hatua ya 4: Nunua na uwazoeshe

Chukua 10 hadi 15, wadogo wa sentimita moja na nusu. Wadogo huzoea maji mapya upesi kuliko wazima, na wana maisha marefu mbele yao. Cheri huishi mwaka mmoja hadi miwili tu. Ukichagua mwenyewe, tafuta majike wawili kwa kila dume. Jike ana rangi nzito na tumbo lililopinda kwa chini kama upinde, dume ni mwembamba, rangi imepauka, tumbo limenyooka.

Nunua rangi moja. Nyekundu, njano na bluu za Neocaridina ni spishi ileile, watapandana, na baada ya vizazi viwili au vitatu utabaki na kamba wa rangi ya tope.

Kuwazoesha:

1. Mimina kamba na maji yao kwenye bakuli safi, usiwamimine tanini.
2. Nyonya maji ya tangi kwa mpira wa hewa uliofungwa fundo, yadondoke matone 2 kwa sekunde.
3. Maji ya bakuli yakiongezeka mara mbili, mwaga nusu, uendelee mpaka yaongezeke tena. Kazi nzima ni saa moja na nusu hadi mbili.
4. Pima TDS ya bakuli na ya tangi. Zikikaribiana, wachote kwa wavu. Maji ya dukani yamwage.
5. Zima taa siku hiyo, usiwalishe mpaka kesho.

Wakijificha siku mbili tatu, usihangaike. Ishara mbaya ni kuogelea huku na huko bila kutulia, au kulala ubavu. Hapo pima amonia na nitriti papo hapo.

## Hatua ya 5: Chakula kidogo, maji kidogo

Kwa kamba 15, punje ya chakula yenye ukubwa wa dengu inatosha, mara mbili au tatu kwa wiki. Ikibaki baada ya saa tatu, itoe. Mchicha, boga au tango lililochemshwa dakika mbili linaweza kulala usiku mmoja, kesho lichomoe. Mboga ya sokoni ioshe sana, au tumia iliyoota uani kwako isiyopuliziwa dawa.

Ukiona minyoo myeupe inaranda kwenye kioo, punguza chakula kabla ya kufikiria dawa. Minyoo myembamba isiyo na kichwa cha pembetatu haina madhara. Ile bapa yenye kichwa cha pembetatu ni planaria, nayo hula vifaranga. Itege usiku kwa chupa ndogo yenye matundu membamba na kipande cha nyama.

Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji. Kwenye tangi la lita 45 hiyo ni lita 4 na nusu, basi. Maji mapya yawe na joto na TDS sawa na ya tangi, na yaingie kwa mpira mwembamba, si kwa kumimina ndoo. Badiliko la ghafla humsukuma kamba kujivua gamba kabla ya wakati.

Maji yanayopungua kwa mvuke ni jambo jingine. Mvuke huondoka, madini yanabaki. Kwa hiyo jazia kwa maji ya mvua yasiyoongezwa madini. Anayejazia kwa maji ya bomba kila siku hupandisha GH polepole asijue, na baada ya miezi mitatu haelewi kwa nini wanamfia.

Pwani, miezi ya kiangazi, maji ya tangi hufika nyuzi 30 au zaidi, na hewa ndani ya maji hupungua. Elekeza feni ndogo kwenye uso wa maji. Itashusha nyuzi 2 hadi 4. Usitie barafu.

## Sumu za nyumbani

Kamba ni jamii moja ya mbali na wadudu. Kinachoua mbu humuua na kamba, tena kwa kiasi kidogo ambacho samaki hakihisi.

Dawa ya kupulizia ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Udi wa mbu nao usiuwashe chumba hicho. Kama ni lazima kupuliza nyumba, zima pampu, funika tangi lote kwa nailoni, fungua madirisha, na uwashe tena baada ya saa moja au mbili hewa ikishatakata.

Halafu kuna chandarua. Watu hukata kipande cha chandarua cha zamani kufunikia tangi au kufunga mdomo wa chujio. Vyandarua vingi siku hizi vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na haiishi kwa kufuliwa mara moja. Ndani ya maji inaua tangi zima. Tumia soksi mpya ya nailoni iliyofuliwa kwa maji matupu.

Dawa nyingi za samaki za kutibu fangasi na vimelea zina shaba. Soma kibandiko, ukiona salfeti ya shaba, isiingie tangini wala isitumie ndoo zako. Na kabla ya kutia mkono majini, osha losheni, dawa ya kupaka ya mbu na dawa ya kupe ya mbwa.

## Hatua ya 6: Kutoka tandiko hadi mayai

Jike akikomaa, miezi mitatu hivi tangu kuanguliwa, utaona doa la njano au kijani mgongoni, nyuma ya kichwa. Hilo ni tandiko, yaani mayai yaliyo bado ndani. Siku atakayojivua gamba hutoa harufu majini, na madume wote huanza kuogelea kama waliopandwa na wazimu kwa saa kadhaa. Usiogope ukadhani ni sumu: kwenye sumu majike nao huhangaika, hapa wanatulia.

Kesho yake mayai 20 hadi 30 yatakuwa yameshuka chini ya tumbo, kwenye vijimiguu vya kuogelea, na jike ataonekana akiyapepea bila kupumzika. Huyapepea yapate hewa na yasiote ukungu.

Kwa nyuzi 27 huanguliwa karibu wiki tatu, kwa nyuzi 22 huchukua wiki nne au zaidi kidogo. Siku za mwisho, ukitumia lenzi, utaona nukta mbili nyeusi ndani ya kila yai. Hayo ni macho.

Katika muda huo usimhamishe jike, na maji yabadilishe kwa asilimia 5 tu. Akijivua gamba akiwa na mayai, mayai hutoka na gamba. Jike wa uzazi wa kwanza hudondosha mengi hata kila kitu kikiwa sawa. Uzazi wa pili huwa bora.

## Hatua ya 7: Vifaranga

Mama akionekana hana mayai ghafla, tafuta usiku kwa tochi, ndani ya mosi na chini ya jani la mkungu. Utaona vitu vyeupe kama uzi uliokatwa, vyenye macho. Wiki mbili za kwanza hawatembei kutafuta chakula, hula kilicho pale walipo. Ndiyo maana utando wa hatua ya 3 ni muhimu kuliko chakula chochote cha kununua. Unaweza kuongeza unga wa spirulina (aina ya mwani), kiasi cha ncha ya kijiti, mara mbili kwa wiki.

Samaki wasiwemo. Hata wale wapole wenye mdomo mdogo, wengi wao hula vifaranga, na mwenye tangi hubaki akisema mayai yake hayaanguliwi. Konokono wadogo hawana neno.

Umefaulu ukiona vifaranga wa saizi tatu tofauti kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo huongezeka haraka. Kumi kuzidi mia ndani ya miezi sita hakushangazi.

## Wakifa, soma maiti

Pete nyeupe inayozunguka mgongo kati ya kichwa na mkia: ameshindwa kujivua. Pima GH, na punguza kiasi cha maji unayobadilisha.

Wengi kwa siku moja: sumu, au pampu ilizimika usiku. Badilisha asilimia 30 kwa maji yenye TDS ileile, tia mkaa wa chujio.

Mmoja mmoja kila siku mbili: tangi bichi, au GH iliyopanda polepole.

Nyuzi nyeupe puani: huenda ni kimelea aitwaye Scutariella. Mtoe, mtumbukize sekunde 30 hadi 60 kwenye kikombe cha maji ya tangi kilichokorogwa kijiko kimoja cha chakula cha chumvi isiyo na madini joto, umrudishe. Rudia baada ya wiki. Katika kipindi hicho ondoa magamba yaliyovuliwa, kwa kuwa mayai ya kimelea hubaki humo. Siku nyingine magamba yaache, kamba huyala kupata madini.

## Kupunguza na kugawa

Kila mwezi toa waliopauka, hasa madume, uwaweke tangi jingine. Rangi hushuka upesi usipochagua.

Usiwamwage mtoni wala ziwani. Victoria ina kamba wake, Caridina nilotica, ambaye sangara humtegemea kwa chakula, na Tanganyika ina jamii za kamba zisizopatikana kwingine duniani. Mgeni na vimelea vyake hawahitajiki huko.

Wa kumpa jirani au kuuza, usiwalishe siku moja kabla. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji ya tangi na theluthi mbili za hewa, na kipande cha mosi cha kushikilia, kwa sababu kamba asiye na pa kushika huogelea safari nzima na kufika amechoka. Watie 10 kwa nusu lita, ufunge mara mbili, uweke ndani ya boksi lenye giza. Majike wenye mayai bakisha nyumbani.